Mashine ya umeme kwa mguu unaoburuzika baada ya kiharusi: tuinunue au tuiache?

BintiDereva, Busia

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaandika kwa niaba ya baba yangu, mwenye umri wa miaka 63, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 aliendesha malori kati ya Mombasa na Kampala, na ambaye miezi minane iliyopita alipatwa na kiharusi kilichoulegeza upande wake wa kulia. Usemi umerudi karibu wote, mkono bado ni mzito, nao mguu umerudi nusu nusu: anasimama mwenyewe, anatembea kwa mkongojo kutoka chumbani hadi chini ya mwembe, lakini vidole vya mguu wa kulia vinaning'inia kila anapoinua hatua. Anayetaka kujua jinsi anavyotembea na atazame ndala zake. Ya kushoto ingali nzima, ya kulia imelika mbele, penye kidole gumba, hadi imebaki nyembamba kama karatasi. Ili asijikwae, humbidi ainue nyonga na kuuzungusha mguu kwa nje, mithili ya mtu anayefyeka nyasi, na akifika mwembeni huwa anatweta kana kwamba ametoka Tororo kwa miguu.

Wiki iliyopita mfanyabiashara mmoja alituletea mashine ndogo ya betri, yenye nyaya mbili na vibandiko vinne, akatuambia kwamba inaamsha mishipa iliyolala, na kwamba mgonjwa akilala nayo nusu saa kila usiku kwa miezi mitatu atautupa mkongojo. Anataka shilingi 900,000, na kaka zangu wamekwisha kuchanga nusu yake. Mimi nimewaomba wasubiri, ingawa sina hoja ya kuwashinda, kwa sababu baba alipokuwa amelazwa Kampala nilimwona mtaalamu wa fiziotherapia akimbandika mashine inayofanana na hiyo, na wayo ukainuka wenyewe mbele ya macho yangu. Ikiwa umeme ulifanya kazi siku ile, kwa nini nimkatalie huyu?

Ninaomba mnifafanulie kama mashine hizi mbili ni kitu kimoja, kama miezi minane si kuchelewa, na kama ni salama kwa mtu mwenye presha ambaye pia, mwezi wa pili baada ya kiharusi, alishikwa na kifafa mara moja.

Mfizio, Kampala

Pole kwa kuuguza, dada, na ahsante kwa kueleza hali ya mzee kwa undani, kwani zile ndala zimenieleza zaidi ya barua nyingi za rufaa ninazozipokea.

Nianze na ule wayo ulioinuka mbele ya macho yako. Kiharusi kimeharibu sehemu ya ubongo inayotoa amri, lakini neva inayotoka kwenye uti wa mgongo kwenda hadi misuli ya mbele ya muundi ingali hai na nzima. Kinachokosekana ni amri tu. Neva hiyo hupita karibu sana na ngozi upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, mahali ambapo ukipapasa utakuta kichwa cha ule mfupa mwembamba. Ukiweka kibandiko kimoja hapo na kingine kwenye misuli ya mbele ya muundi, kisha ukapitisha mapigo ya umeme kati ya 20 na 50 kwa sekunde, kila pigo likiwa fupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde, neva huyapokea kana kwamba ni amri iliyotoka juu, misuli hukaza, na wayo huinuka. Hakuna kilicholala kilichoamshwa.

Niongeze jambo ambalo majirani hulileta kila mara wanaposikia habari hizi. Mtoto ambaye wayo wake ulilegea baada ya sindano ya takoni kuijeruhi neva, au mtu aliyeugua polio, tatizo lake liko kwenye neva yenyewe, na kwa hiyo mashine ya namna hii haimwinulii wayo kama inavyomwinulia mwenye kiharusi. Wenzetu hao wapelekwe hospitali kwa njia nyingine, wala wasinunuliwe mashine kwa kuwa imeonekana ikimsaidia baba wa mtu.

Sasa tofauti yenyewe. Tiba ya umeme kwa ajili ya kutembea inategemea wakati. Mwaka 1961, nchini Marekani, daktari Liberson na wenzake walieleza kifaa kilichokuwa na swichi ndani ya kiatu, chini ya kisigino: kisigino kikiinuka, umeme unawaka na wayo unapanda, kisigino kikigusa chini, umeme unazimika na mwili unaukalia mguu. Vifaa vya leo ni vidogo zaidi, na vingine hutambua mwinamo wa muundi badala ya kutumia swichi, lakini wazo ni lile lile. Umeme usiojua mguu uko juu au chini hauwezi kumsaidia mtu kupiga hatua. Mtu aliyelala kitandani hana hatua ya kusaidiwa, na mashine unayoieleza, yenye vibandiko vinne na isiyo na swichi, kwa maelezo yako inafanana sana na zile za kutuliza maumivu ya mgongo na magoti, ambazo huandikwa TENS kwenye boksi. Si mashine mbaya kwa kazi yake. Litazame boksi, usome limeandikwa nini.

Kuhusu manufaa, nitasema kile ninachokiamini kwa ushahidi. Januari 2009, NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, iliukubali utumiaji wa umeme wa kuinua wayo kwa watu ambao tatizo lao linatoka kwenye ubongo au uti wa mgongo, ikisema ushahidi wa usalama na wa kuboresha mwendo unatosha. Baadaye zikaja tafiti mbili kubwa za Marekani zilizoulinganisha umeme huo na splinti, yaani kile kifaa cha plastiki kinachoshika wayo na muundi ili vidole visianguke. Ule wa mwaka 2013 ulikuwa na watu 197 waliofuatiliwa kwa wiki 30, na ule wa mwaka 2014 ulikuwa na watu 495 waliofuatiliwa kwa miezi sita. Katika zote mbili watu walitembea kwa kasi zaidi kuliko mwanzo, na katika zote mbili umeme haukuipita splinti kwa kasi. Wenye kuuza vifaa husoma nusu ya kwanza ya sentensi hiyo.

Washiriki wa utafiti wa mwaka 2014 walikuwa wametimiza angalau miezi sita tangu kiharusi, kwa hiyo miezi minane ya mzee si sababu ya kukata tamaa. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya nafuu huja katika miezi ya mwanzo, lakini mwendo unaweza kuendelea kuboreka kwa mazoezi hata baada ya hapo. Kinachobadilika ni matarajio: mara nyingi faida kubwa huonekana kifaa kikiwa mguuni, na ile inayobaki kikishavuliwa huwa ndogo na hutegemea sana mtu ametembea kiasi gani.

Juu ya usalama, presha iliyodhibitiwa kwa dawa haimzuii. Kifafa ni jambo la kumwambia daktari kwanza, hata kama kilitokea mara moja tu, kwa sababu kifafa kisichodhibitiwa ni miongoni mwa mambo yanayotufanya tusite. Mengine ni kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani, damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu, saratani mahali pa kubandika, na ngozi yenye kidonda. Mtu asiyehisi vizuri kwenye muundi anaweza kuungua asijue. Na kwa hali yoyote ile, kifaa kisifungwe mguuni kikiwa kimechomekwa kwenye umeme wa ukutani, wala fundi wa redio asikiunge nyaya.

Kabla hamjalipa hata shilingi moja, pimeni mita 10 uani kwa futi ya fundi, mwacheni mzee achapuke hatua mbili kabla ya mstari wa kwanza, kisha mhesabu sekunde kwa simu hadi avuke wa pili. Fanyeni mara tatu na mniletee namba. Mjaribu pia, akiwa ameketi na goti limenyooka, kuusukuma wayo wake taratibu kuelekea juu, mwone kama unafika mahali ambapo unyayo na muundi vinafanya pembe mraba. Shavu la mguu likiwa limekaza kiasi cha kuzuia hilo, si umeme wala splinti itakayofaa kabla halijalainishwa.

MwalimuMstaafu, Jinja

Nimesoma maelezo ya mtaalamu kwa makini na sina la kuyapinga katika sayansi, lakini mimi ni mgonjwa, na mgonjwa huona vitu ambavyo havimo katika hesabu za kasi.

Nilipata kiharusi mwaka 2019. Katika kliniki niliyokuwa nikienda mara tatu kwa wiki, mtaalamu alitembea kando yangu akiwa ameshika swichi mkononi, akiibonyeza kila kisigino changu kilipoinuka na kuiachia nilipokanyaga. Siku ya kwanza niliona kama siafu wanapita chini ya ngozi, na nilisimama katikati ya ukumbi nikicheka, kwani wayo ulikuwa umepanda bila idhini yangu. Siku ya tatu nilianza kumtangulia. Nilijaribu kuinua wayo mwenyewe kabla hajabonyeza, naye akaniambia kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe, kwamba umeme usiofuatana na juhudi ya mgonjwa ni kumchezesha kikaragosi. Nimelikumbuka neno hilo kila siku tangu hapo.

Nilijifunza pia mambo madogo ambayo hakuna aliyeniambia mapema. Kibandiko kikisogea kwa upana wa kidole, wayo haupandi sawasawa bali unageukia nje au ndani, na kukanyaga kwa ubavu wa wayo ni hatari kuliko kuuburuza. Baada ya dakika 15 hivi wayo hupanda kwa kimo kidogo zaidi, kwa kuwa misuli inayokazwa kwa umeme huchoka upesi kuliko inayokazwa na mwenyewe. Jasho la mchana hulegeza gundi. Katika sehemu moja, ambayo sitaitaja, walinibandika vibandiko vilivyokwisha kukauka, wakaongeza nguvu ya umeme ili vifanye kazi, nikarudi nyumbani na duara jekundu lililogeuka lengelenge. Ngozi ilichukua wiki mbili kupona, na kwa wiki hizo sikupata tiba yoyote. Kama kibandiko hakishiki hata kwenye kiganja chako, usikubali kibandikwe mguuni.

Baadaye dada yangu alinitumia kutoka Uingereza kifaa cha kuvaa chini ya goti, cha aina ile inayotambua mwinamo wa muundi. Nilikifurahia sana, tena kwa sababu ambayo tafiti za mtaalamu hazikuigusa: splinti inadai kiatu, ilhali nyumbani kwangu, na msikitini pia, viatu huachwa mlangoni. Kwa kifaa kile nilitembea peku juu ya zulia bila kuburuza. Kasi yangu huenda ilikuwa ile ile, lakini niliingia safuni bila kushikwa mkono. Kisha vibandiko vikaisha. Dada alituma vingine mara mbili, mara ya tatu vilikwama njiani, na leo kifaa kile kimo kabatini pamoja na chaja yake, nami natembea na splinti. Kwa hiyo, binti yangu, hata ukiipata mashine ya kweli, kabla ya kuuliza bei yake uliza vibandiko vyake vitatoka wapi mwakani.

Mfizio, Kampala

Mwalimu, nimekubali. Tafiti zile ziliwauliza watu pia kuhusu maisha yao, si kasi tu, lakini hakuna aliyepima mlango wa msikiti. Mgonjwa anayetembea zaidi bila viatu kuliko akiwa navyo nami ningempa umeme kwanza, kama angeweza kuugharamia pamoja na vibandiko vyake. Vifaa hivyo vya kuvaa hugharimu maelfu ya dola, na hapo ndipo mazungumzo yangu na familia nyingi huishia.

Karakana, Mbale

Mimi hutengeneza splinti, kwa hiyo mnisamehe nikivutia upande wangu.

Splinti iliyotengenezwa kwa kipimo cha mtu mwenyewe si sawa na ile ya dukani. Tunaufunga mguu kwa plasta, tunapata kalibu, tunamimina jasi, kisha tunaifunika kwa plastiki iliyolainishwa kwenye tanuri na kuikata kingo. Kazi hii inafanywa Mulago, Mbale, Gulu na Fort Portal. Malalamiko mengi ninayoyapokea hayatokani na plastiki bali na kiatu: mtu anajaribu kuiingiza kwenye kiatu kile kile alichokuwa akivaa kabla, kinambana, anaiweka splinti juu ya kabati, na baada ya mwaka anaileta ikiwa mpya kama nilivyompa. Kiatu kiwe kikubwa kwa namba moja, kiwe na kamba au mkanda, kifunike kisigino, na soli yake ya ndani itolewe. Soksi ndefu ya pamba ni lazima. Siku ya kwanza ivaliwe nusu saa tu, kisha ivuliwe na ngozi itazamwe. Wekundu usiokwisha baada ya dakika 20 maana yake ni kwamba splinti inarudi kwangu ikwanguliwe mahali hapo.

Ndala za mzee ziondolewe leo, hata kabla ya mambo mengine. Mguu usioweza kukunja vidole hauwezi kuishika ndala.

BintiDereva, Busia

Ninawashukuru nyote. Tumepima jana asubuhi kabla jua halijawa kali. Baba alisisitiza avae shati jeupe, akidai kwamba huo ni mtihani wa leseni. Mara ya kwanza alitumia sekunde 34, mara ya pili 31, mara ya tatu 33. Wayo wake unafika pembe mraba, ingawa mwishoni unakaza kidogo na inabidi kusukuma polepole.

Mfanyabiashara alirudi jioni. Nilimwomba anionyeshe boksi, na kweli limeandikwa TENS kwa herufi kubwa, na chini yake pamechorwa mtu aliyeshika kiuno. Nilimwomba ambandike baba ili tuone wayo ukipanda akiwa anatembea, akajibu kwamba hairuhusiwi kutembea nayo. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa ameshikilia fedha, alimtazama kwa muda, kisha akamwuliza mguu utajifunzaje kutembea bila kutembea. Hakujibiwa. Fedha zimebaki kwetu, na tumekubaliana kwamba zianze kununua dawa za presha za miezi mitatu, kwa maana mwezi uliopita baba alikuwa amezikatiza kwa siku tisa bila kutuambia, akisema anaweka akiba ya mashine.

Mfizio, Kampala

Siku tisa bila dawa ya presha zimenishtua kuliko kitu chochote kilichoandikwa humu, na ninafurahi kwamba mmelibaini. Kiharusi cha pili hakimwachii mtu mguu wa kujadiliwa.

Mita 10 kwa sekunde 33 ni takriban mita 0.3 kwa sekunde. Kwa kipimo tunachokitumia, aliye chini ya mita 0.4, yaani anayezidi sekunde 25, kwa kawaida huishia kutembea ndani na uani tu, na anayefika mita 0.8, yaani sekunde 12 na nusu, huweza kwenda sokoni na kurudi. Lengo letu la kwanza liwe hizo sekunde 25. Mkifika Mbale, mwoneni kwanza daktari juu ya kile kifafa, kisha mtaalamu wa fiziotherapia, na mumwulize mambo mawili: kama ana mashine yenye swichi ya mkononi ya kumfanyia mzee mazoezi akiwa anatembea, na kama anaona splinti inamfaa sasa au baada ya shavu la mguu kulainishwa. Nyumbani, anyooshe shavu hilo kila asubuhi kwa kusimama ameegemea ukuta, kisigino cha kulia kikiwa chini, na aendelee kwenda mwembeni. Kutoka mara moja kwa siku hadi mara nne ni tiba ambayo hakuna anayeiuza. Pimeni tena baada ya wiki nne, mstari ule ule, saa ile ile.

BintiDereva, Busia

Tutakwenda Jumanne. Baba anauliza kama anaweza kuja na buti zake za safari badala ya kununua viatu vipya. Ni namba 43, naye huvaa 42. Anasema alizinunua kubwa makusudi kwa ajili ya soksi za usiku wa baridi njiani.

Karakana, Mbale

Namba hiyo ndiyo hasa. Kama zinafunguka kwa kamba hadi karibu na vidole, aje nazo zote mbili, maana nikiinua soli upande mmoja sharti niangalie na wa pili. Na asizipige rangi kabla hajafika. Nataka kuona zimelika wapi.